Kimbia Kiasi cha Kusema

Baba yangu kipenzi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na kwa sentensi nzima nzima, usije ukaniuliza tena, "Vipi, ushaishiwa pumzi?" Ndivyo ulivyokuwa ukinikejeli kila nilipochomeka neno la Kiarabu katikati ya mazungumzo yetu. Leo sichomeki. Nikiteleza nisamehe, maana sasa sina wa kunisahihisha isipokuwa mdogo wangu Zuwena, na Zuwena unamjua, akianza kusahihisha haachi.

Wakirigizi wamerudi Muscat, baba. Timu ile ile ya mpira ya Bishkek, mji wao mkuu, imekuja kuikimbia baridi ya kwao na kujiandaa na msimu mpya, kama walivyokuja zamani tulipokuwa sisi wenyeji wao. Niliposikia nilimwambia Zuwena sina nafasi ya kwenda kutazama watu wakikimbia. Siku ya pili yake, saa moja ya asubuhi, nilikuwa nimesimama nje ya uzio wa uwanja, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, kitambi mbele, chupa ya maji mkononi, kama mchezaji wa akiba anayengoja kuitwa.

Hawakuwa na mpira. Ndicho kitu cha kwanza nilichokitafuta. Wachezaji zaidi ya ishirini, na mpira hata mmoja haupo. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikusikia: "Mpira wanaufungia kabatini, wallahi. Mwezi mzima hawaushiki. Kwanza pumzi, halafu miguu, mpira utakuja wenyewe." Walikuwa wakizunguka uwanja wawili wawili, kwa mwendo wa pole wa kumchosha mtazamaji, na midomo yao inakwenda. Wanazungumza. Bado wanazungumza, baba.

Barua hii naiacha wazi na wengine wataisoma, kwa hiyo nivumilie nikikukumbusha mambo unayoyajua kuliko mimi.

Uliondoka Unguja ukiwa na miaka kumi na tisa, ukapelekwa Bishkek kusomea kilimo. Ulikuwa ukituambia kwamba asubuhi ya kwanza uliona moshi unatoka kinywani mwako ukadhani unaungua ndani. Kocha wa timu ya pale mjini alikuona ukicheza na wanafunzi wenzio. Ulikuwa na mbio za kutisha kwa hatua mia, halafu ukalala chini kama gunia. Akakwambia, "Miguu unayo, mapafu huna." Akakuchukua kufanya mazoezi na wachezaji wake, milimani, kwenye hewa nyepesi ambayo unaivuta na haikujazi. Wiki ya kwanza ulitapika kila siku. Mkikimbia kwenye theluji ya magotini. Mkipanda ngazi za uwanja na mwenzio mgongoni. Mkifika juu mnaweka vidole viwili shingoni kuhesabu moyo, na asiyetulia haraka anarudia. Mkishuka mnapewa maziwa makali ya farasi, na hapo ulikuwa ukifumba macho, ukikunja uso, na Zuwena anacheka mpaka anapaliwa.

Na ile sheria. Mkimbie wawili wawili na mzungumze, kocha yuko nyuma anasikiliza. Sentensi ya mmoja ikikatika, wote wawili wapunguze mwendo mpaka aimalize. Si yeye peke yake, wote wawili. Uliitafsiri kwa namna yako: "Kimbia kiasi cha kusema. Na usimwache mwenzio na neno lake mdomoni."

Sheria hiyo ulikuja nayo Muscat ulipoajiriwa kukagua mboga na matunda kwenye soko la Mawaleh. Soko lenyewe limeshahamishwa, nikipita pale nageuza uso. Nilikuwa na miaka tisa uliponiamsha Ijumaa moja baada ya sala ya Alfajiri, ukanitia kwenye pikapu inayonuka nyanya na kotmiri, tukaipita Ruwi bado imelala, tukaishika barabara ya Yiti. Ukaiegesha chini ya mlima. Ukavua kanzu, ukaikunja vizuri, ukaiweka kitini, ukabaki na fulana na suruali ya mazoezi iliyokuwa na umri kunishinda.

"Haya, baba," ulinambia. "Panda na sema."

"Niseme nini?"

"Lolote. Nambie ulichokula. Lakini kwa Kiswahili, hicho cha skuli kiwache kwenye gari."

Ndiyo maana mpaka leo mimi Kiarabu nakiongea na Kiswahili nakipumua. Barabara ile ilikuwa na kona tatu kubwa kabla ya kilele, na kila kona ilikuwa na habari zake. Mpaka kona ya kwanza ni habari za skuli. Mpaka ya pili ni majirani, na hapo, baba, kwa mtu aliyekuwa akitukataza kusengenya nyumbani, mlimani ulikuwa hodari. Kona ya tatu ilikuwa ya mama yako.

Hapo siku zote ulipunguza mwendo, na mimi nikapunguza. Nilikuwa naijua hadithi ile kwa moyo lakini sikuwahi kukukatisha. Mwaka wako wa pili huko, mama yako alifariki Unguja. Barua ilipofika kwako arubaini ilikuwa imeshasomwa. Na siku iliyofika, ilikaa bwenini tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu wewe ulikuwa mlimani na timu. "Nlikuwa najifunza kuvuta pumzi," ulikuwa ukisema, "na mamangu keshamaliza zake." Halafu unanigusa bega. "Haya, sema wewe."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita tulipomzika mama yetu. Zuwena alikuwa na sita. Ijumaa ya kwanza baada ya matanga ulinitazama, nikakutazama, tukaenda Yiti. Tulipanda mpaka juu bila neno hata moja. Hukunikemea, wala hukuniambia nimevunja sheria. Ulivyokuwa ukiniwekea mkono mgongoni kwenye kila kona, nimekumbuka wiki hii yote.

Mwaka uliofuata ndio wakaja Wakirigizi.

Nakuona ulivyokwenda kuwapokea, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, kofia mpya, na kile Kirusi chako ulichosomea kwao, kilicholala miaka mingi. Walipokusikia walikuzunguka wakakukumbatia mmoja mmoja. Kocha wao, Bakyt, alikuwa kijana uliposoma kwao. Mlikaa mkitajiana mitaa na vibanda vya chai mpaka wachezaji wakachoka kungoja. Kuanzia hapo ukawa mkalimani wao, na ukawapeleka Yiti. Sisi vijana sita wa timu ya mtaani kwetu tukaruhusiwa kufanya nao mazoezi. Ikatoka habari kwamba Bakyt atachagua mmoja wetu aende kwao msimu mmoja.

Baba, nilitaka kwenda mpaka nikawa silali. Sitaki kukuficha. Sehemu moja ni mpira, na sehemu ya pili ni nyumba yetu, ambayo kila chumba kilikuwa na kitu cha mama.

Siku ya mtihani Bakyt alikimbia na kila mmoja wetu mwenyewe. Ilipofika zamu yangu tulipanda watatu, kwa sababu mkalimani naye ilibidi akimbie. Mzee wa miaka hamsini na mbili katikati yetu, Kirusi kushoto, Kiswahili kulia, na huhemi! Anauliza yeye, unanigeuzia wewe, najibu mimi, unamrudishia. Umekula nini? Mkate wa kumimina na chai. Una ndugu wangapi? Mmoja, na anatosha. Theluji utaifanya nini? Nitaitia kwenye gilasi ya sharubati. Alicheka. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sentensi zangu nzima. Juu kabisa aliweka vidole viwili shingoni mwangu akahesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema maneno marefu.

Wewe uliyafupisha.

"Anauliza," ukasema, "kama unataka kwenda kwao."

"Nataka, baba. Mwambie hata kesho."

Ulitazama chini, upande wa nyumba za Yiti. Kisha ukamgeukia ukasema sentensi fupi, na ndani yake mlikuwa na neno *nyet*.

Ulisahau kwamba Kirusi chote sikijui lakini *nyet* naijua. Ndilo neno uliloleta nyumbani kuwakatazia watoto. Zuwena akinyoosha mkono kwenye birika la moto: *nyet*. Mimi nikitaka kutoka kabla ya kusali: *nyet*. Mama naye alilichukua, akalitumia kwa paka. Nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma.

Tukiteremka ulinambia, "Kasema bado, ukue kidogo." Nikasema, "Haya." Hivyo mlima ule siku ile tuliteremka na uongo wa watu wawili, mmoja wako na mmoja wangu.

Akachukuliwa mtoto wa jirani yetu wa nyuma, akarudi baada ya miezi minne na kofia ya manyoya na midomo iliyopasuka. Mimi nikamaliza skuli, nikapata kazi, nikaoa. Siku ile walipoondoka Wakirigizi ulirudi nyumbani unachechemea, kubadhi moja limekatika ukanda, ukasema umeteleza Ruwi. Zuwena alikucheka. Mimi sikucheka, na wala sikukuuliza kama umeumia. Nilikuwa na hasira nawe kuliko nilivyowahi kuwa nayo na mtu yeyote.

Tuliendelea na Ijumaa zetu miaka ishirini na zaidi. Watu walitusifu: tazama baba na mwana wanavyopatana. Na kweli tulipatana. Mlimani pale ndipo nilipokwambia kwanza nataka kuoa, ndipo uliponiambia daktari kasema nini kuhusu mapafu yako. Tulisema kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Na hapa ndipo panaponiuma, ndiyo sababu ya barua hii.

Ulijaribu. Mara mbili ninazozikumbuka, kwenye kona ya tatu, baada ya kumtaja mama yako, ulianza, "Ile siku na Bakyt..." Mara zote mbili niliongeza mwendo. Kidogo tu, kiasi cha kijana kumshinda mzee. Nilikusikia nyuma unahema, sentensi imekatika, na sikupunguza. Nilikuwa nakuadhibu, baba, kwa kitu kile kile ulichonifunza. Nilikuacha na neno lako mdomoni, nikafika juu, nikakungoja kwa uso wa mtu asiyejua lolote.

Halafu hospitali. Ulikuwa umevalishwa barakoa ya oksijeni, kifua kinapanda na kushuka kama umeupanda mlima mara mia. Ukainyanyua kwa mkono wako mwenyewe.

"Ile siku ya Yiti," ukasema. "Mimi..."

Nikakurudishia barakoa. Nikakwambia, "Pumzika, baba. Usiseme." Nesi akanisifu. Zuwena akanibusu kichwani akasema Mungu atanilipa. Wote waliona mtoto mwema. Mimi nilijua kwamba niliogopa. Ungesema, ningelazimika kukuonyesha kwamba nilijua muda wote, na kwamba nimekuwekea kinyongo chini ya kila salamu. Siku ya pili ukatutoka, na ile "mimi" yako nimebaki nayo mimi, mwaka wa pili sasa.

Basi nilikuwa pale kwenye uzio, natazama wanavyozunguka. Akaja mzee mwenye kofia pana ya jua, anatembea na fimbo lakini mgongo umenyooka. Anawashauri makocha vijana siku hizi. Alikuwa Bakyt. Mimi hakunijua, nilivyonenepa, lakini nilipolitaja jina lako alinishika mikono yote miwili. Tukakaa kwenye benchi na simu yake katikati, anasema kwa Kirusi, simu inanisomea kwa Kiarabu kibovu. Ungechukia, ungeizima.

"Babako yuko wapi?"

Nikainua kidole juu. Akavua kofia. Wachezaji wakapita mara mbili na mazungumzo yao.

Kisha akatabasamu, akasema ana picha yako moja kichwani haijawahi kutoka. Siku ile ya kuondoka basi lao lilikuwa limeshatoka hotelini kule Ruwi, linashika barabara ya uwanja wa ndege. Akasikia wachezaji wa nyuma wanapiga kelele. Akageuka kwenye kioo akakuona ubavuni mwa basi, unakimbia. Kanzu umeikusanya mkononi mpaka magotini, kubadhi moja mguuni na jingine liko nyuma barabarani. Unamtazama yeye, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Ulilifuata basi mpaka kwenye taa. Taa zilikuwa za kijani.

"Nilidhani anatuaga," alisema. "Nikampungia mkono. Nikawaambia wachezaji wangu, mtazameni huyu, alifunzwa kwetu na leo kasahau sheria! Anakimbia na hawezi kusema."

Akacheka kwa mapenzi, akanipiga goti. Hakujua alichonipa. Nilikunywa maji yote yaliyobaki kwenye chupa ili nipate mahali pa kuuweka uso.

Ulikwenda, kumbe. Ulikwenda kulirudisha neno lako. Wewe ambaye sikuwahi kukuona ukihema, ulikimbia mpaka pumzi ikakuishia mbele ya watu, kwa ajili yangu, ukarudi nyumbani na uongo wa kuteleza. Na mimi nilikaa sebuleni, nikakuona unajipaka mafuta gotini, nikageuzia uso televisheni.

Bakyt akaniuliza, "Kwani alikuwa anataka kusema nini?"

Nikaiambia simu, "Alikuja kuwaaga."

Ndiyo, nami nimemdanganya Mkirigizi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, utanisamehe. Sikutaka akuone kwa sura nyingine baada ya miaka yote hiyo. Kiswahili hasomi, kwa hiyo siri yetu ipo salama hata katika barua ya wazi.

Ijumaa hii nilikwenda Yiti peke yangu. Nilikiweka kiatu barabarani kwa ushujaa mkubwa, na kabla ya kona ya kwanza nilikuwa nahema kama mbuzi wa mnadani. Ungenicheka wiki nzima. Nikaacha kukimbia, nikatembea. Mwendo wa mgonjwa kabisa, mwendo ambao hata wewe wa siku za mwisho ungeuweza. Nikaanza kusema kwa sauti, na mwendesha baiskeli mmoja aliyekuwa akiteremka alinitazama akahamia upande wa pili wa barabara. Mpaka kona ya kwanza nilikwambia habari za kazi. Mpaka ya pili nikakusengenyea yule jirani mpya anayeosha gari kila siku. Kwenye kona ya tatu nikasimama.

Nilikwambia hivi, na nakuandikia hapa ili lisiishie kwenye upepo. Nilijua, baba. Nilijua tangu ulipolitamka. Nilikasirika, nikawa na haki ya kukasirika, kwa sababu ulinichukulia kitu changu na ukanidanganya. Lakini mwanangu wa kwanza sasa ana miaka kumi na saba. Juzi kaniambia anataka kwenda kusoma mbali, na kabla hajamaliza kusema mdomo wangu ulikuwa umeshatengeneza lile neno la birika la moto. Sikulitoa. Nimelimeza na bado limenikaa kooni. Ulikuwa umemzika mkeo mwaka haujatimia, na mama yako alikufa ukiwa kule kule ulikotakiwa unipeleke. Ningekuwa wewe, pale juu, siku ile, wallahi ningesema *nyet*. Sijui kama ningelikimbilia basi.

Nisamehe kwa zile mara mbili nilizoongeza mwendo. Nisamehe zaidi kwa ile barakoa. Nilikwambia pumzika, na wewe ulikuwa na maneno machache tu ya kufika juu.

Sasa nimepunguza mwendo, baba. Nimesimama kabisa. Uliishia kwenye "mimi". Sema taratibu, kiasi unachoweza. Nakungoja mpaka umalize.

Mwanao, mwenzio wa mlimani